Mugariga: jinsi ya kuutambua, kuuchimba na kuupima mzizi kabla hujauita dawa

Wadau salama. Leo naongelea mzizi wa mugariga, ule ule wa kikombe cha Babu. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge kule Loliondo, mchungaji mstaafu wa KKKT (kanisa la Kilutheri), Ambilikile Mwasapile, ndo Babu mwenyewe, anagawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, foleni ya magari inalala porini, na toka hapo mugariga ukatoka kwenye supu za Wamasai ukaingia kwenye mifuko ya nailoni masokoni. Babu alifariki 2021 ila biashara ya mzizi ipo palepale. Ukizunguka masoko ya Arusha na Moshi utaukuta, mwingine vipande, mwingine umeshasagwa unga, na kila muuzaji anakuapia huu ndo wenyewe orijino.

Sasa mimi swali la "unatibu nini" huwa silianzi nalo. Naanza na "hiki ulichoshika ni nini?" Maana mugariga una ndugu yake anaitwa msunguti, Wamasai wanauita olmorijoi, wako ukoo mmoja, unaota kwenye nyanda hizi hizi za kwetu, na huo ndo ulikuwa unachemshwa kutengeneza sumu ya mishale. Juu ya ardhi unatofautisha kwa macho tu kama unajua pa kuangalia. Ila mzizi ukishachimbwa hauna mwiba, hauna ua, hauna tunda, na ukishasagwa ndo kabisa, unga wa kahawia ni unga wa kahawia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kichakani unaishia kwenye maabara. Nimeuandika kwa wanafunzi wa famasia na wauza dawa asili, na pia wewe unayeweka kwenye supu, we soma mpaka hatua ya 6 halafu ruka mpaka ya 10, za katikati ni za wenye vifaa.

Hatua ya 1: shika jina moja

Jina la kisayansi ni Carissa spinarum. Machapisho ya zamani yanaandika Carissa edulis, ni mmea huo huo, kwa hiyo ukitafuta taarifa tafuta kwa majina yote mawili la sivyo utakosa nusu ya mambo. Wamasai wanasema olamuriaki, pwani wana jina lao ambalo ukilitaja mbele ya wakwe utatolewa nje. Jina la mtaani linatosha kwa kuanzia mazungumzo ila kwenye lebo na kwenye daftari andika la kisayansi.

Ukoo wake ni Apocynaceae. Huu ni ukoo wa kuuheshimu sana. Ndani yake kuna olianda ile ya maua ya mapambo ambayo ni sumu ya moyo, kuna msunguti, na Wachaga wenzangu, msesewe wenu wa kuchachulia mbege, Rauvolfia caffra, nao ni wa humu humu. Mimea mingi ya ukoo huu ina kemikali zenye nguvu, kwa hiyo ule usemi wa "ni mti shamba tu hauna madhara" hapa hauna kazi.

Hatua ya 2: utambue ukiwa umesimama kichakani

Nenda mchana kweupe, usiende na giza la saa kumi na mbili asubuhi eti umsaidie bibi kuwahi soko. Angalia hivi:

- Miiba. Hii ndo namba moja. Mugariga una miiba migumu iliyonyooka, mirefu ya sentimita kadhaa, inatokea pale majani yanapoanzia. Mingi ni ya ncha moja, mara nyingine inagawanyika. Msunguti HAUNA miiba kabisa.
- Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, magumu, kijani kilichoiva, yanang'aa juu. Msunguti nao majani yake yanatazamana na ni magumu, kwa hiyo usiridhike na jani peke yake.
- Maua ni meupe kwa ndani, nje yana wekundu wa waridi, petali tano, yananukia vizuri. Ya msunguti nayo ni meupe yenye waridi na yananukia! Ndo maana nasema anza na mwiba.
- Matunda ni madogo, ya kijani yakianza, halafu mekundu, yakiiva yanakuwa zambarau hadi meusi, na watoto wanaochunga wanayala. Ya msunguti nayo yanaenda mekundu mpaka zambarau nyeusi. Umeona sasa.
- Ukivunja kijiti kinatoa utomvu mweupe. Wengi wanafanya hiki ndo kipimo cha mwisho, wanavunja, wanaona maziwa, wanasema "ndo wenyewe". Hapana bana, msunguti nao una utomvu mweupe, karibu ukoo mzima uko hivyo.

Yaani ukichukua alama zote tano, nne zinaweza kukudanganya na moja ndo inakuokoa. Kama kichaka hakina miiba, toka hapo, usibishane nacho. Na uangalie kama vichaka viwili vimesukana, matawi ya huyu yamepita kwa yule, maana hapo unaweza kuona mwiba juu ukachimba mzizi wa jirani. Fuata shina kwa mkono mpaka linapoingia ardhini, ufunge kitambaa, ndo uanze kuchimba.

Kwa wanaopenda hadithi za wanyama: kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, watafiti walieleza 2011 kwamba anatafuna gamba la msunguti halafu anajipaka mate yale kwenye manyoya ya ubavuni, mbwa akimng'ata anaumia au anakufa. Mbwa anakufa kwa kung'ata nywele tu, sasa we unataka uchemshe mzizi mzima.

Hatua ya 3: kama unanunua sokoni

Wengi hatuchimbi, tunanunua. Hapa kuna ujanja mmoja rahisi na haugharimu sana, na unafanya kazi kama muuzaji ni yule anayechimba mwenyewe. Mazungumzo yanaenda hivi (yeyo ni mama kwa Kimasai):

"Yeyo, takwenya."
"Iko. Karibu mwanangu, unataka ya miguu ama ya tumbo?"
"Nataka olamuriaki, lakini siyo hii iliyokatwa. Niletee mzizi ukiwa bado umeshikana na shina lake, shina liwe na matawi mawili."
"Sasa miti ya kuchoma mkono ya nini? Hii ni ile ile, nimechimba mwenyewe huko Monduli."
"Najua yeyo, ni ya darasani, nitaongeza hela."
"Haya. Njoo Jumamosi. Lakini ulete gunia lako, mimi sibebi miiba kwenye gari."

Hapo umemaliza. Mzizi uliounganika na shina lenye miiba umejitambulisha wenyewe, huhitaji kumwita yeyo mwongo wala kumwonyesha simu. Unga usinunue kwa kazi ya maana hata uuzwe bei gani. Muuzaji akikuambia shina lilishatupwa, mwambie asante na usogee meza inayofuata, heshima ibaki.

Hatua ya 4: tengeneza sampuli ya herbariamu

Herbariamu ni kama maktaba ya mimea iliyokaushwa. Wanafunzi wengi wanairuka hii halafu kwenye kutetea ripoti wanaulizwa "una uhakika gani ni Carissa?" wanaanza kuhema. Kata tawi la kama sentimita 30 lenye majani, miiba, na ua au tunda. Liweke katikati ya magazeti, lipange majani mengine yageuke yaonyeshe mgongo, bana na mbao mbili na mkanda, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Kwenye karatasi andika mahali, mwinuko na alama za jipiesi kutoka kwenye simu, tarehe, aliyekusanya na namba yake, jina la kienyeji na nani kalitaja, mazingira, rangi ya ua na ya utomvu. Hivi vya mwisho andika hapo hapo porini maana tawi likikauka rangi inapotea.

Na hapa watu wa Arusha tumependelewa, herbariamu ya taifa iko kwetu, Ngaramtoni, pale palipokuwa panaitwa TPRI ambapo sasa ni chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mtu wa Dar anatuma kwa basi, we unapanda hiace ya Ngaramtoni. Peleka tawi lithibitishwe, upewe namba, na namba hiyo ndo utaiandika kwenye kila kitu kinachotokana na kichaka kile.

Tatizo moja, muda mzuri wa kuchimba na muda wa maua siyo lazima ukutane. Suluhisho ni kukitambua kichaka kikiwa na maua, ukifunge kitambaa, ukitie kwenye ramani ya simu, ndo urudi kuchimba baadaye.

Hatua ya 5: kuchimba bila kuua

Kwanza ruhusa. Ardhi ya kijiji ongea na serikali ya kijiji, msitu wa hifadhi ongea na TFS, wakala wa misitu, na ndani ya hifadhi ya taifa Kilimanjaro au Arusha usiguse kabisa hata kama mjomba wako ni askari pale getini.

Chimba upande mmoja tu wa kichaka. Mzizi mkuu unaoshuka chini uache, chukua ile ya pembeni miwili mitatu yenye unene wa kidole gumba, kata kwa kisu kikali siyo kwa kuvuta, halafu fukia vizuri na ukanyage. Upande wa pili uache kichaka kipone, usirudi msimu unaofuata. Huu mmea unastahimili, watu wanaupanda mpaka kama ua wa boma kuzuia mbuzi, ila ukiung'oa mzimamzima hautakuelewa. Na kama biashara yako ni ya kudumu panda wako, mbegu za tunda lililoiva zinaota, baada ya hapo hakuna anayekuuliza umetoa wapi.

Kuhusu msimu, masika ya Machi mpaka Mei achana nayo, udongo unanata na mzizi umejaa maji. Juni na Julai kwa Arusha ni ule ukungu na baridi, ukichimba hutakausha, utafuga fangasi. Mimi ningeenda Agosti mpaka Oktoba, au ule ukavu wa Januari na Februari. Moshi mjini kuna joto zaidi kwa hiyo nyie mna nafasi.

Kabla hujaondoka kata mzizi mmoja kwa upana uutazame kwa karibu. Gamba la nje kahawia, chini yake ganda la ndani jepesi, halafu mti mgumu unaoenda mpaka katikati kabisa. Mmea wa aina hii, katikati ya mzizi kwa kawaida hakuna moyo laini, ni mti mtupu, wakati shina linao kile kiini laini cha katikati. Hii itakusaidia sana ukinunua vipande, maana wapo wanaochanganya vipande vya shina kuongeza kilo. Kata upana, ukiona kiini, hicho ni shina, kitoe pembeni.

Hatua ya 6: kuosha, kukausha, kunusa

Osha haraka kwa maji yanayotiririka na brashi, usiloweke. Ukiloweka usiku kucha vitu vinavyoyeyuka kwenye maji vinabaki kwenye beseni. Kama unahitaji gamba la mzizi peke yake (tafiti nyingi zinatumia gamba) libandue sasa hivi likiwa bichi, likikauka utatumia shoka. Kata vipande vidogo, tandaza kivulini kwenye wavu au chekeche, hewa ipite chini na juu, geuza kila siku. Kama una oveni iweke nyuzi 40 usizidishe, maana harufu ndo inaondoka.

Na harufu hapa ina kazi. Mzizi wa mugariga una harufu yake ya kipekee, na kemikali kubwa iliyokutwa kwenye hiyo harufu ni 2-haidroksiasetofenoni. Vunja kipande, nusa, kinuse tena baada ya miezi mitatu. Ukikuta hakinuki kitu tena, au kinanuka uvundo, kimechoka. Ila kuonja, HAPANA. Vitabu vya fani hii vinasema rangi, harufu, ladha, na wazee wa zamani walikuwa wanaonja kila kitu, lakini ukiwa na jirani kama msunguti ladha iache mpaka sampuli iwe imethibitishwa, na hata hapo unagusa kwenye ulimi unatema.

Kikiwa kikavu vizuri kipande kinavunjika kwa mlio, hakipindi. Hapo saga, chekecha, weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Kinu kioshwe kabla na baada. Kama hicho kinu jana kilisaga mwarobaini basi leo una mugariga wa mwarobaini.

Hatua ya 7: hadubini

Unga kidogo, ncha ya kijiti cha meno inatosha. Fanya slaidi tatu tofauti, usijaribu kuona kila kitu kwenye moja.

Ya kwanza maji na tone la iodini, unaangalia wanga, chembe zinakuwa bluu nyeusi. Hii fanya kwanza kwa sababu inayofuata unapasha moto na klorali haidreti ili kusafisha, na wanga unaharibikia hapo, mtu anasema "haina wanga" kumbe kaupika mwenyewe. Hiyo ya pili unaangalia fuwele, mishipa ya maji, nyuzi, seli za gamba. Ya tatu ni floroglusinoli na asidi haidrokloriki, sehemu zenye mti zinageuka nyekundu.

Unachotafuta ni vitu viwili. Kimoja, kisichotakiwa kuwepo: mzizi hauna kijani wala vinyweleo vya jani wala vile vitundu vya kupumulia vya jani, ukiviona basi mtu kachanganya majani. Pili, linganisha. Usilinganishe na picha ya mtandaoni, linganisha na unga uliousaga mwenyewe kutoka kwenye kichaka kile chenye namba ya Ngaramtoni. Hiyo chupa ndo mali yako kubwa kuliko hata hadubini, ifungie kabatini.

Hatua ya 8: namba tatu za lazima

Maji ya kufanyia hizi kazi yawe yaliyotoneshwa, usichukue ya bomba. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, si unaona meno yetu, na chumvi zingine pia, zitakuharibia hesabu. (Na wanaochemsha mizizi masaa matatu kwa maji hayo hayo wajue, maji yanapungua floraidi inabaki sufuriani.)

Unyevu. Pima unga gramu 5, weka oveni nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Mfano ikitoka 4.52, imepungua 0.48, gawanya kwa 5 zidisha mia, ni asilimia 9.6. Kwa mizizi mikavu ukiwa chini ya 10 uko salama, ukipanda sana fangasi wanakaribia. Kumbuka tu nyuzi 105 zinafukuza na zile kemikali za harufu, kwa hiyo namba hiyo siyo maji peke yake.

Majivu. Gramu 2 mpaka 4 kwenye krusibo, kile kikombe kidogo cha kuchomea, pasha taratibu mpaka nyuzi 500 hadi 600, yawe meupe hamna weusi. Pima. Halafu yachemshe dakika 5 na mililita 25 za asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, chuja, choma tena kilichobaki kwenye karatasi isiyo na majivu, pima. Hicho kilichogoma kuyeyuka kwa asidi sehemu kubwa ni mchanga. Hapa ndo unawajua wasioosha mizizi, na wale wanaoanika barabarani pembeni ya vumbi la bodaboda.

Dondoo, yaani kile kinachoyeyuka kutoka kwenye unga. Gramu 4 za unga kwenye mililita 100 za maji au etanoli, tikisa mara kwa mara masaa 6, acha itulie masaa 18, chuja haraka, chukua mililita 25, kausha, oveni nyuzi 105 masaa 6, pima. Mililita 25 ni robo ya 100 kwa hiyo inasimama badala ya gramu 1 ya unga, ikitoka gramu 0.14 basi ni asilimia 14. Ukipata mzigo mpya dondoo limeshuka nusu ya ule wa zamani, shuku kwamba mizizi ilishachemshwa ikakaushwa ikauzwa tena, au ni shina.

Hatua ya 9: kemia, na mtego mmoja mkubwa

Vipimo vya kawaida ni vyepesi. Tikisa dondoo la maji kwenye neli, povu likisimama kama la sabuni ya unga dakika kumi na zaidi kuna saponini. Tone la feriki kloridi likileta bluu nyeusi au kijani, kuna fenoli. Dragendorff ikileta mashapo ya chungwa, washuku alkaloidi. Kwenye mizizi ya Carissa yameripotiwa lignani kama karisanoli na nortrakelojenini, seskwiterpeni inaitwa karisoni, na pia glaikosidi za moyo, yaani kemikali zenye sukari zinazogusa mapigo ya moyo. Hizi za mwisho ndo nataka tukae nazo kidogo.

Maabara nyingi za vyuo zikitafuta glaikosidi za moyo zinafanya kipimo cha Keller-Kiliani: asidi asetiki yenye feriki kloridi kidogo, halafu unashusha asidi salfuriki kali ukutani mwa neli taratibu, pete ya kahawia nyekundu ikitokea katikati unasema zipo, isipotokea unasema hazipo, salama. Sasa sikiliza. Kile kipimo hakioni glaikosidi nzima, kinaona aina fulani ya sukari iliyoshikana nayo, sukari zenye upungufu wa oksijeni kwenye kaboni ya 2. Na sumu maarufu ya msunguti ni ouabaini, ile aliyoitenga Mfaransa Arnaud mwaka 1888, na sukari ya ouabaini ni ramnosi, ambayo haiko kwenye kundi hilo. Yaani unaweza kuwa na neli imejaa ouabaini, pete isitokee, ukaandika "hakuna" kwa roho safi. Ndo sumu yenyewe hiyo iliyokuwa kwenye mishale, inaziba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye misuli ya moyo, na moyo unapoteza mwendo.

Kwa hiyo tumia na kipimo kinachoona pete ya laktoni, ambayo ni sehemu nyingine ya glaikosidi yenyewe, siyo sukari. Kedde ni kizuri, ni asidi ya dinitrobenzoiki na alikali, rangi inakuja waridi hadi zambarau. Halafu usiishie kwenye neli, maana mugariga wenyewe nao una glaikosidi za moyo zilizoripotiwa, "ndiyo" peke yake haikuambii ni nani. Hapo ndo inaingia kromatografia ya bati jembamba. Bati la silika, mchanganyiko wa ethili asetati, methanoli na maji kwa 100 kwa 13.5 kwa 10, uweke madoa matatu sambamba: unga unaoushuku, unga wa chupa yako ya kabatini, na ouabaini halisi kama chuo kinayo. Acha ipande, kausha, nyunyiza Kedde. Doa la sampuli likikaa usawa mmoja na ouabaini na kwenye chupa yako ya kabatini halipo, funga mzigo wote uandike SUMU kwa wino mwekundu, usiuze, usimwage porini, usirudishe kwa yeyo kimya kimya, mwambie na yeye kwa sababu anauza na kwa wengine. Huna vifaa? Ofisi ya Mkemia Mkuu ina kanda ya kaskazini hapa Arusha, ulizia gharama.

Asidi salfuriki: miwani, glavu, dirisha wazi, na usifanyie jikoni.

Hatua ya 10: lebo, na maneno ya kumwambia mteja

Lebo iwe na jina la kisayansi, sehemu ya mmea (mzizi mzima au gamba), ulikotoka, tarehe ya kuchimba na ya kusaga, namba ya herbariamu, namba ya mzigo. Chupa ya rangi au kopo lisilopitisha mwanga, sehemu kavu. Kama unauza au kutibu watu kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na baraza lake, jisajili, afisa afya atakuja tu siku moja.

Faida zake? Kuna mambo ya kweli yameonekana, ila kwenye panya na kwenye seli. Watafiti wa Ethiopia 2004 walionyesha gamba la mzizi linaongeza mkojo kwa panya, na wa Kenya 2006 wakaonyesha dondoo la maji linazuia virusi vya malengelenge ya herpes kwenye seli na panya. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba mzizi huu unaponya UKIMWI, kisukari wala saratani kwa binadamu, na kilichouma sana kwenye yale ya 2011 ni watu walioacha ARV. Mteja akikuambia anataka aache dawa za hospitali, usimuuzie, hata kama siku haijalipa.

Na kile cha mkojo kina maana yake. Mtu anayekunywa vidonge vya kupunguza maji mwilini vya presha, ukimwongezea mzizi unaokojoza anaweza kupoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unakuwa mwepesi kudhurika na glaikosidi hizo hizo tulizoziongelea. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo ambayo nayo ni glaikosidi ya moyo, ndo asiuguse kabisa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo nao vilevile, na mgonjwa wa figo.

Mtu akishakunywa akaanza kutapika, kizunguzungu, anaona vibaya, mapigo yanaruka ruka au yanaenda taratibu mno, msimpe maziwa wala mafuta ya kula, pelekeni hospitali muda huo huo. Na mbebe mzizi uliobaki pamoja na sufuria jinsi ilivyo bila kuiosha, daktari atahitaji kujua ni kitu gani.

Mzigo uliokaa mwaka kabatini, kabla hujautoa rudia unyevu, harufu na bati, na chupa ya kulinganishia ubadilishe kwa kusaga mpya kutoka kichaka kile kile.